Mabano na MAGAZIJUTO

Aliyesoma hisabati kwa Kiswahili Tanzania anaikumbuka MAGAZIJUTO hata kama mengine yote yamemtoka: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Tuliiimba darasa zima, na ilitutosha mpaka aljebra ilipoingia. Ubaoni kukaandikwa 3(x + 4). Mabano kwanza, ndivyo tulivyoapishwa. Lakini x na 4 utazijumlishaje? Wapo walioandika 4x ili mradi wafike mwisho, wapo waliokaa wakiitazama tu.

Mwalimu alichora mishale miwili ya chaki, mmoja kutoka kwenye 3 hadi kwenye x, mwingine kutoka kwenye 3 hadi kwenye 4. "Ukiingia nyumba ya watu," akauliza, "utamsalimia mmoja na kumruka mwingine?" Jibu likawa 3x + 12, na kila aliyeandika 3x + 4 akaambiwa hana adabu. Kidato cha kwanza somo likageuka Kiingereza, mishale ikabaki ileile. Maksi tulipata. Kwa nini ilikuwa sahihi, hakuna aliyeuliza.

Mimi nilielewa nje ya darasa. Shangazi yangu aliuza kanga, na mteja aliyetaka doti saba za shilingi 9,800 hakusubirishwa kikokotoo: "Elfu sabini, utoe elfu moja na mia nne." Sitini na nane elfu na mia sita. Nikiwa nimesimama pale dukani nikaiona mishale ya chaki: 7(10,000 − 200). Shangazi alizidisha elfu kumi kwa saba, akazidisha na zile mia mbili kwa saba.

Baada ya hapo nikawa naiona kila mahali, hata kwenye madaftari ya darasa la tatu. Tulipozidisha 23 kwa 4, tukiandika 2 na kubeba 1, tulikuwa tunakokotoa 4(20 + 3), yaani 80 na 12. Tulifungua mabano kabla hatujajua kuyaandika. Wala MAGAZIJUTO haikuwa na kosa: 3(5 + 4) ukijumlisha kwanza ni 27, ukizidisha kila moja ni 15 na 12, 27 ileile. Herufi inapoziba njia ya kwanza, ya pili ipo.

Kilichonichelewesha zaidi ni alama za kutoa. "Hasi mara hasi ni chanya" tulipewa kama amri ya jeshi, nami bado naona tulidhulumiwa, maana sababu yake ni fupi. Chukua −2(5 − 5). Ndani ya mabano ni sifuri, basi jibu ni sifuri. Sasa zidisha kila moja: −2 mara 5 ni −10, kisha inabaki −2 mara −5. Ili jumla irudi sifuri, hiyo ya pili haina budi kuwa 10. Ndiyo maana −2(x − 5) ni −2x + 10.

Binti yangu alipofika kwenye mabano sikumchorea mishale. Nilimchorea mstatili wenye upana 3 na urefu x + 4, nikaukata kwa mstari mmoja: kipande cha 3x, kipande cha 12. Sikuubuni mimi, Euclid aliuweka mwanzoni kabisa mwa kitabu cha pili cha Elements, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Binti akautazama, akauliza kama kugawanya nako kunakubali. Tukajaribu (12 + 6) ÷ 3: ni 6, na vipande vyake ni 4 na 2. Kunakubali. Akageuza mwenyewe, akaandika 12 ÷ (2 + 4). Kwa njia moja akapata 2, kwa nyingine 6 na 3, yaani 9. "Baba, mbona huku kunakataa?" Nikamwambia achore tena.