Bilinganya za Ugweno na Jembe la Siku ya Tatu

Nyuma ya nyumba tunayopanga Dar es Salaam yapo madebe manne niliyopanda mibilinganya. Niliitunza kwa samadi ya kuku na kwa mapenzi mengi. Ikarefuka hadi ikanifika kifuani, majani yakawa mapana kuliko kiganja changu, maua ya zambarau yakachanua. Kisha yakapukutika moja baada ya jingine. Katika miezi mitano nilichuma tunda moja tu. Mama watoto alilipika, akawagawia wanetu wanne, halafu akaniuliza kwa upole kama haingekuwa nafuu tuendelee kununua sokoni. Ndipo nilipokumbuka kwamba ninaye shangazi Ugweno ambaye hajanunua bilinganya tangu nizaliwe. Nilipopata likizo mwishoni mwa Septemba, nikafunga safari.

Aendaye Ugweno kwa njia ya Same hupita kwanza katika nchi kavu. Milima ya Upare iko mkono wa kuume, ya kijani kileleni, lakini chini yake ni vichaka vya miiba, mkonge wa Kisangara, na vumbi. Kandokando ya barabara huota ndulele, wenye maua ya zambarau na matunda ya manjano yasiyoliwa. Nimewaona tangu utotoni bila kuwafikiria. Safari hii nilitambua kwamba maua yale hayana tofauti kubwa na ya madebeni kwangu. Ndulele na bilinganya ni wa ukoo mmoja, pamoja na nyanya, pilipili, viazi mviringo na tumbaku. Mmoja amebaki porini, mwingine amehamia jikoni.

Mwanga, makao makuu ya wilaya iliyomegwa kutoka Wilaya ya Pare mwaka 1979, niliteremka basi na kuingia gari dogo la mlimani. Lilipanda likinguruma, kona baada ya kona, na nyuma yetu Bwawa la Nyumba ya Mungu likang'aa bondeni kama bati jipya. Kikweni njia hugawanyika, moja ikielekea Usangi na nyingine Ugweno. Tangu hapo hewa hubadilika. Migomba na mibuni hufunika miteremko, na msitu wa Kindoroko, wenye kilele cha zaidi ya mita 2,100, hukaa na ukungu kichwani. Mawingu yakitawanyika, upande wa kaskazini huonekana Kilimanjaro, na chini bondeni Ziwa Jipe lililo mpakani na Kenya.

Ugweno ni nchi yenye historia ndefu. Zamani ilisifika kwa chuma. Wahunzi wa ukoo wa Washana walifua vyuma ambavyo hata majirani wa Uchagga walivihitaji. Wazee bado husemezana kwa Kigweno, lugha iliyo karibu zaidi na Kichagga kuliko na Kipare, ingawa wajukuu wengi huwajibu kwa Kiswahili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko mjini hamli?"

Nilimweleza habari za madebe yangu. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, akasema tutazungumza asubuhi, bustanini.

Bustani yake iko kati ya jiko na banda la mbuzi, hatua kumi kwa sita. Asili ya bilinganya ni nchi za joto za Asia, na baridi ya mlimani ya Juni na Julai huidumaza. Kwa hiyo shangazi hakuipanda chini ya migomba pamoja na magimbi, bali mbele ya ukuta wa jiko, mahali panapopigwa na jua kutwa nzima. Pembeni yake ameweka nyanya chungu, ambayo wengine huiita ngogwe. Hiyo ni mwenyeji, maana asili yake ni Afrika hii hii.

Mbegu huzisia kitaluni. Baada ya wiki tano au sita, mche ukiwa na majani manne hadi sita, huuhamisha jioni ili usipambane na jua siku ya kwanza. Kati ya mche na mche huacha sentimita 60, na kati ya mstari na mstari hupita mtu na ndoo yake bila kugusa majani. Kila shimo hupata samadi ya mbuzi iliyooza kabisa. Juu ya udongo hutandaza majani makavu ya migomba, na kuzunguka shina hunyunyiza majivu ili kuwazuia sota. Kila baada ya siku chache hupindua majani kutafuta utitiri, ambao hujificha upande wa chini. Tena, mahali palipopandwa nyanya, pilipili au viazi, hapandi bilinganya hadi miaka mitatu ipite, kwa kuwa magonjwa ya ukoo huo, hasa mnyauko, hubaki udongoni yakimngoja jamaa mwingine.

"Samadi ya kuku umeimwaga nyingi mno," alinihukumu. "Mti umeshiba, unafanya majani. Tena madebe umeyaweka kivulini. Na maji je?"

Nilikiri kwamba nilimwagilia nilipokumbuka: leo ndoo mbili, kisha siku tatu bila tone.

"Basi hapo ndipo maua yanapoanguka. Bilinganya haitaki maji mengi. Inataka maji ya uhakika."

Akanionyesha namna ya kuchuma. Tunda hujificha chini ya majani, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hulibonyeza kwa kidole gumba. Ngozi ikirudi na kung'aa, limefaa. Likiwa limefifia, mbegu zimekomaa na uchungu umeingia. Hulikata kwa kisu pamoja na kikonyo, halinyofoi. Tunda moja zuri huliacha mtini mpaka ligeuke manjano, kwa ajili ya mbegu za mwaka ujao. Jioni ile tulikula bilinganya zilizokatwa vipande, zikatiwa chumvi na kuchujwa maji, zikapikwa kwa vitunguu, nyanya na perege mkavu wa Nyumba ya Mungu. Sikumbuki nilichota ugali mara ngapi.

Akiwa anaosha vyombo aliniambia kwamba bei ya kahawa ilipoanguka duniani mwaka 1989, ndipo alipoanza kuitazama bustani ile kama shamba. Mibuni bado ipo, lakini chumvi, sabuni na mafuta ya taa vilitoka kwenye kikapu cha mboga alichopeleka gulioni.

Sasa, ndugu msomaji, utauliza: maji ya uhakika yatoke wapi, mahali ambapo kati ya masika na vuli mvua ni ya kubahatisha? Hutoka kwenye ndiva. Hili ni bwawa dogo la udongo, ambalo wazee wa Upareni walilichimba juu ya mashamba yao. Kijito chembamba kikiachwa kitiririke ovyo, udongo hukinywa kabla hakijafika mbali. Lakini kikiingia ndivani usiku kucha, asubuhi mlango ukafunguliwa, maji yaliyokusanyika hushuka mferejini kwa nguvu na kufika hata kwa wa mwisho. Kila kaya hupata zamu yake. Na kwa kuwa tope nalo huingia pamoja na maji, ndiva isipozolewa hujaa. Uzoaji huo hufanywa kwa msaragambo, kazi ya wote: kila kaya hutoa mtu mmoja na jembe. Kwetu, asiyefika hulipa, na asiyelipa zamu yake hurukwa.

Siku ya tatu nilipofungua mlango alfajiri nilikuta jembe limeegemezwa ukutani.

"Mgeni siku mbili," alisema shangazi kutoka jikoni, wala hakuimalizia methali.

Tulikuwa watu kama ishirini. Nilitazamia kuwakuta vijana. Nikakuta wengi wao ni akina mama wa umri wa shangazi, wazee wachache, na wavulana wawili watatu. Tope lilitufika magotini. Mzee msimamizi aliita kaya moja moja, na alipofika kwenye jina la marehemu babu yangu, akanyanyua macho. "Leo wamekuja wenyewe," akasema. Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini neno lile lilinikaa moyoni kutwa nzima.

Tulipokuwa tukirudi, nilimuuliza shangazi ni nani aliyekuja miaka iliyopita. Akasema humlipa kijana mmoja wa jirani, kwa fedha ninazomtumia kwa simu. Mwaka ambao sikutuma, alimpa mwanambuzi.

"Mimi nilidhani fedha zile ni za sukari," nikasema.

"Sukari naweza kuiacha, mwanangu. Zamu ya maji siwezi."

Nilirudi Dar es Salaam na vikonyo vya kuonyesha, mbegu ndani ya karatasi, na malengelenge viganjani. Madebe nimeyahamishia juani, samadi nimeipunguza, na kila jioni, nikumbuke nisikumbuke, mwanangu mkubwa huyamwagilia kopo moja moja. Hadi leo tumechuma saba. Si nyingi kwa familia ya watu sita, lakini mama watoto haulizi tena habari za sokoni.

Jambo kubwa zaidi tulilipanga kwa simu mimi na ndugu zangu, tuliotawanyika mijini kila mmoja na kazi yake: kila mwaka, siku ya msaragambo itakapotangazwa, mmoja wetu atapanda Ugweno. Mwaka ujao ni zamu ya mdogo wangu aliyeko Tanga. Aliniuliza abebe nini. Nikamwambia achukue sukari, jembe lipo.