Bibi na Kesi ya Maji

Likizo iliyopita nilifika Igunga na mfuko wa karatasi za tasnifu yangu ya uzamili. Bibi alikuwa uani, anajaza ndoo bombani. Maji ya Ziwa Victoria yamemfikia, kwa mradi uliojengwa kwa mkopo wa India, lakini pipa lake haliachi tupu. Aliyekulia kwenye visima vya mbugani haiamini koki.

"Unasomea nini hasa, mjukuu wangu?"

"Kesi ya maji, Bibi."

Nikamweleza. Mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa City Water, kampuni yenye wabia kutoka Uingereza, Ujerumani na hapa nyumbani. Ubinafsishaji huo ulikuwa miongoni mwa masharti ya kusamehewa madeni. Mkataba ulikuwa wa miaka 10. Haukumaliza hata miwili. Mei 2005 serikali ilitangaza kuuvunja, na wakuu wa kampuni wakaondolewa nchini. Biwater Gauff ikaishtaki Tanzania katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, ikitumia mkataba wa kulinda uwekezaji uliosainiwa na Tanzania na Uingereza mwaka 1994.

"Tukashindwa?"

Julai 2008 wasuluhishi waliamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba ule, lakini haikutakiwa kulipa fidia, kwa kuwa kampuni ilikuwa imeshapoteza thamani yake. Darasani tumezoea kuuita ushindi.

"Na wenye ndoo walisema nini?"

Nilinyamaza kidogo. Asasi tano, tatu kati yake za Tanzania, ziliomba kusikilizwa. Mwaka 2007 ziliruhusiwa kuwasilisha maoni kwa maandishi. Kuingia ukumbini zilikataliwa.

Siandiki kuitetea serikali. Kabla ya City Water mabomba mengi ya Dar yalikuwa makavu, na baada yake watu waliendelea kununua maji kwa madumu. Ila mkataba wa 1994 ulimpa mwekezaji mahali pa kushtaki. Mama anayenunua dumu haukumpa.

Nimeisoma hukumu ile mara nne nikitafuta nani alishinda. Bibi aliuliza nani alikuwepo.

Usiku nilifuta kichwa cha sura ya tatu, "Ushindi wa Tanzania". Bado sijapata kingine. Nje nilimsikia Bibi akifunika pipa, akaweka na jiwe juu.