Biolojia iliyopitwa na wakati

Dada yangu alifundisha Biolojia katika shule za sekondari mkoani Morogoro kwa miaka minane. Leo ana umri wa miaka 46, anaishi Minnesota nchini Marekani, na kazi yake ni kuwaogesha, kuwalisha na kuwageuza vitandani wakazi wa makao ya wazee. Alipoamua kusomea uuguzi, chuo alichokiomba kilimjibu kwamba Biolojia yake imepitwa na wakati. Ilisomwa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Wao hutambua masomo ya sayansi yaliyosomwa ndani ya miaka 7.

Aliitaka ile kozi ya haraka, inayowachukua wenye shahada ya fani nyingine na kuwapa shahada ya uuguzi kwa takriban miezi 12 hadi 18. Ndiyo inayonadiwa kwa watu wazima wanaobadili kazi. Lakini miezi hiyo haihesabu safari ya kufika mlangoni: anatomia na fiziolojia, sehemu ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, kemia, takwimu, na mara nyingi lishe na saikolojia ya makuzi. Masomo haya hayabebwi yote kwa mkupuo, kwa kuwa sehemu ya pili hudai ya kwanza, na kila maabara ina saa zake. Kwa mtu wa zamu za usiku, masharti peke yake yaweza kumaliza miaka miwili.

Sidai kwamba sharti la miaka ni la kipuuzi. Maarifa yasiyotumika hufifia, na muuguzi asiyeelewa jinsi figo zinavyoondoa dawa mwilini ni hatari kwa mgonjwa. Tena Biolojia ya ualimu haikuwa anatomia ya binadamu. Alipasua vyura na panya zaidi ya kitu kingine chochote. Tatizo langu ni kwamba kipimo hiki husoma tarehe ya cheti, hakimsomi mtu. Mtihani mmoja wa saa tatu ungeonyesha anachokijua na asichokijua. Badala yake, miaka yake ya ubaoni na ya kando ya vitanda vya wazee imeandikiwa sifuri.

Kisha kuna fedha. Ruzuku ya Pell, ambayo serikali kuu ya Marekani huwapa wanafunzi wa kipato cha chini, kwa kawaida haimhusu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza. Shahada ile ile inayomfungulia mlango wa kozi ya haraka ndiyo inayomfungia ruzuku. Abaki na mkopo, katika kozi ambayo vyuo vingi huwashauri wanafunzi wake wasifanye kazi kabisa. Kasi hiyo ni ya mwenye akiba.

Tusiwacheke Wamarekani. Hapa kwetu mhudumu wa afya aliyekaa wodini miaka 15 akitaka kuwa muuguzi huulizwa kwanza ufaulu wake wa Kidato cha Nne, ikiwemo Kemia na Biolojia. Asiyekuwa nao hurudi kukaa mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, pamoja na vijana wa umri wa wanawe. Watumishi wenzangu wanaoandika miongozo hiyo wanawajua watu hawa kwa majina.

Nilimshauri asubiri na aitafute shahada. Akanikatalia. “Kaka, shahada ninayo. Imenifikisha wapi hapa?” Amechagua stashahada ya takriban miaka miwili katika chuo cha jamii kilicho karibu naye, ambayo mwisho wake ni mtihani ule ule wa leseni wanaoufanya wenye shahada. Anatomia ataisoma upya hata hivyo. Muhula unaanza Agosti, na maabara yake ni Jumamosi asubuhi, anapotoka zamu ya usiku.