Njia Laini au Theluji Mbichi?

Wapenzi wakienda kuteleza kwenye theluji, ubishi wa kwanza si hela, ni njia. Mmoja anataka mteremko uliosawazishwa na mashine, mwenzake anataka theluji mbichi. Mimi, kusema kweli, niko upande wa mashine.

Huko Chamonix, Ufaransa, mashine hupita usiku, asubuhi mnakuta njia ina mistari kama kitambaa cha kodrai. Rangi zinawaambia ugumu: kijani, buluu, nyekundu, nyeusi. Mnateleza sambamba, mnacheka. Ikiganda, lakini, inakuwa ngumu kama saruji, na watu ni wengi.

Theluji mbichi ina raha yake, sikatai. Kimya, unaelea tu. Ila Vallée Blanche, njia ya kama kilomita 20 kutoka Aiguille du Midi, haisawazishwi wala haina alama. Chini kuna nyufa za barafu, na maporomoko hayapigi hodi. Ukifukiwa, wa kwanza kukutafuta na kukuchimbua ni huyo huyo mpenzi wako. Je, anajua kutumia kifaa cha kutafutia na koleo?

Kama bado, jamani, jifunzeni kwanza, tena mwende na kiongozi. Kumpenda mtu si kumburuza asikoweza.