Nyeupe Yangu, Buluu ya Kaka

Ndugu msomaji, usije ukadhani rangi ya ukuta ni mambo ya matajiri. Sisi tuliopanga chumba kimoja Manzese tumebishana wiki nzima kwa ajili ya debe moja la rangi.

Kaka alitaka buluu nzito. Yeye ni mlinzi wa usiku. Analala jua linapochomoza. Mimi nilitaka nyeupe. Ninaandika riwaya, tena mchana, maana usiku umeme wa Luku unakwisha kama karanga. Dirisha letu ni moja tu, nalo linatazamana na ukuta wa jirani.

Hoja zangu zilikuwa na uzito. Ukuta mweupe safi hurudisha kama asilimia 80 ya mwanga unaoupiga. Buluu nzito haifikishi hata 15. Wazee wa pwani walilijua hilo bila vipimo. Nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, zimebanana vichochoroni, lakini kuta zake za mawe ya matumbawe zilipakwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo. Isitoshe, chokaa ni rahisi, ingawa ukiiegemea unaondoka nayo mgongoni.

Kaka alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanga wako wewe, mdogo wangu, ndio usingizi wangu unaokimbia."

Nikakosa jibu. Kodi ya chumba inatoka kwenye usingizi huo.

Hapo ndipo nikaitazama nyeupe kwa jicho jingine. Nyeupe haizai mwanga, bwana. Inausambaza tu, inaupeleka mpaka kona ya mbali. Na kona ya mbali ndipo kilipo kitanda cha kaka. Karatasi yangu haihitaji chumba kizima king'are. Inahitaji kipande cha mwanga chenye upana wa meza.

Basi, kuta zote nne tumezipaka buluu. Nyeupe imebaki kwenye unene wa ukuta unaolizunguka dirisha, upana wa kiganja tu, iudake mwanga na kuumwaga mezani. Meza nimeisogeza pale. Mgongo wangu unamkinga kaka.

Saa kumi alasiri giza linaniwahi, nafunga daftari. Sura ya saba inakwenda polepole kuliko ambavyo ingekwenda kwenye chumba cheupe. Lakini mhusika wangu mkuu sasa ni mlinzi wa usiku, na pumzi zake nazisikia nyuma yangu.