Taa ya manjano mpakani

Ukitoka Kisumu kuelekea mpakani, ndugu msomaji, barabara hupanda kutoka Kisian hadi Maseno, ambako kibao kando ya njia hukuarifu kwamba unavuka Ikweta. Kisha utapita Luanda, Yala, Ugunja na Bumala kabla ya kuingia Busia. Ni safari ya kilomita 110 hivi. Kwa gari la petroli hilo si jambo la kuandikwa gazetini. Kwa gari la umeme ni safari ya kupigiwa hesabu, hasa yale magari ya Nissan Leaf ya mwanzo yenye betri ya kilowati-saa 24, ambayo hata yalipokuwa mapya yalikwenda kama kilomita 120 tu kwa chaji moja. Mwenye betri ya kilowati-saa 40 huenda kwa raha zake.

Busia si mgeni wa mambo ya usafiri. Jina boda boda lilizaliwa hapa katika miaka ya 1960, wakati wenye baiskeli walipokuwa wakiwabeba abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine huku wakiita, "Boda! Boda!" Leo vituo hivyo viwili hufanya kazi kwa pamoja, tangu kuzinduliwa rasmi mwaka 2018, na kijana wa baiskeli amempisha wa pikipiki.

Malaba, kilomita kama 30 kupitia Alupe, ni mji wa malori. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakipimwa korona, foleni ilifika makumi ya kilomita. Siku hizi hupungua na kurefuka kama maji ya bahari. Gari dogo lisilo na subira hushuka kando ya lami ili lipenye, na mvua za Machi hadi Mei zikiwa zimenyesha, udongo huwa utelezi mtupu. Hapo ndipo taa ya manjano, yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda kama nyoka, inapokukonyeza kwenye dashibodi.

Ikimweka kwa sekunde chache kisha ikazimika, usiwe na wasiwasi. Mfumo wa kuzuia utelezi umeona gurudumu linazunguka bure, nao umepunguza nguvu za mota. Mota ya umeme hutoa nguvu nyingi tangu gari likiwa limesimama, ndiyo maana tairi zake huteleza upesi. Taa ikiwaka mfululizo, hapo pana jambo. (Kwanza hakikisha kwamba mtoto hajabonyeza kitufe cha kuuzima mfumo huo. Watoto wana vidole.)

Sasa watatokea washauri. Mmoja atasema betri kubwa imekufa, mwingine atakuitia lori la kukupeleka Nairobi, na wa tatu atataka kulinunua gari kwa bei ya vyuma chakavu. Usiwasikilize bado. Taa hii kwa kawaida ni ya magurudumu. Kila gurudumu lina kihisi kidogo, ambacho mafundi wetu hukiita sensa, kinachohesabu mizunguko. Kompyuta hulinganisha hesabu zote nne, na ikikosa moja hujitoa kazini na kuwasha taa. Mara nyingi taa ya ABS huwaka nayo, kwa kuwa hutumia vihisi vivyo hivyo. Vihisi vya namna hii vimo pia katika gari la petroli lenye ABS, kwa hiyo fundi mzuri wa Busia anavijua hata kama hajawahi kugusa gari la umeme.

Simama mahali tambarare, zima gari, ngoja kidogo, uliwashe tena. Taa isipozimika, tazama tairi. Ukubwa uwe mmoja na upepo uwe sawa, kwani tairi ndogo huzunguka mara nyingi zaidi na kuichanganya kompyuta. Kisha pima betri ndogo ya volti 12. Naam, gari la umeme nalo lina betri hiyo, na ndiyo inayolisha kompyuta. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ikishuka chini ya 12.2 inahitaji chaji, na isiposhika chaji ni ya kubadilishwa. Betri ndogo iliyochoka huwasha taa nyingi zisizohusiana.

Baadaye ndipo uite mashine ya kusoma hitilafu, ile inayochomekwa chini ya usukani. Zile za bei ndogo husoma alama zinazoanza na herufi P pekee. Wewe unataka inayosoma za C, za breki na magurudumu, nayo itakutajia gurudumu lenyewe. Fundi akilifungua, aghalabu atakuta tope lililoganda, waya uliochubuka au plagi yenye kutu. Kitambaa na brashi laini huweza kuimaliza kazi. Kihisi kikiwa kimekufa, hubadilishwa hicho tu.

Lakini mwambie fundi mapema, tena kwa sauti: nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe, zina mamia ya volti. Jeki iwekwe mahali palipotiwa alama, kamwe si chini ya betri kubwa. Na vijana wasilivute gari kwa kamba huku magurudumu yanayoendeshwa na mota yakigusa lami, maana mota inaweza kuharibika. Libebwe juu ya lori.

Taa nyekundu ya breki ikiwaka pia, usiende popote. Kama ni ya manjano peke yake na breki zinashika vyema, unaweza kwenda polepole hadi gereji, ukijua kwamba kwenye tope hutakuwa na msaidizi.

Kazi ikiisha, alama ifutwe, kisha liendeshe kilomita mbili tatu kuelekea Alupe. Taa isiporudi, lirudishe mjini ulichomeke kwenye chaji, uchukue kitambulisho chako na uvuke kwa miguu. Upande wa Uganda kuna chapati iliyoviringwa na mayai, wanaiita rolex, na huliwa ingali moto.