Kitufe Kilifanya Kazi, Lakini Madeni ya Shangazi Yalipotea

Kuna rafiki yangu wa campo alinicheka juzi. Nilimwonyesha programu niliyojenga ya kuweka kwa kompyuta ya dukani. Haina tovuti, haina app ya simu. Akaniambia, "Buda, vitu vya deskitopu vilikufa kitambo. Nani bado anaandika hizo?" Sikumjibu. Hiyo programu ndiyo imenifunza kitu ambacho miaka mitatu ya lekcha haijanifunza, na ilinifunza kwa pesa za mtu mwingine.

Shangazi yangu ana duka la agroveti nje kidogo ya Kitale. Anauza mbegu, mbolea, dawa za mifugo. Ukiwa mtu wa Trans Nzoia unajua mambo ya Machi na Aprili: mvua ikianza, kila mtu anataka kupanda siku hiyo hiyo, na wengi hawana pesa mkononi. Kwa hivyo wanachukua kwa deni. "Niandikie mifuko miwili ya DAP, nitalipa nikiuza maziwa." Shangazi anaandika kwa daftari, jina, kitu, pesa, tarehe. Duka lake lote liko ndani ya hilo daftari.

Mimi nikajiona mjanja. Nikamwambia nitamtengenezea programu.

Kwa nini deskitopu? Kwa sababu niliangalia duka lilivyo. Kompyuta yake ni ile ya mitumba, mzee kidogo, RAM 4GB. Intaneti ni bando la simu yake, na bando likiisha limeisha. Mteja akiwa mbele yako na punda nje anangoja mzigo, huwezi kumwambia asubiri ukurasa ufunguke. Halafu majina ya wadeni wake si ya kuweka kwa seva ya mtu tusiyemjua. Hapo bado nasimama: kwa duka kama hilo, programu inayokaa kwa mashine yako na kufanya kazi bila mtandao ndiyo sawa.

Nikachagua Lazarus. Kama hujawahi kuisikia, ni IDE ya bure, yaani mahali pamoja unapochora madirisha, unaandika msimbo, unakompaili na kutafuta makosa bila kuhama. Mradi wake ulianza 1999, na umefuata njia ya Delphi, ile ya Borland ya 1995. Lugha yake ni Pascal, ile ile niliyokutana nayo kwa kitabu cha Kompyuta nikiwa sekondari nikadhani nimeaga milele. Ukimaliza inakupa faili moja ya kuendesha, unaibeba kwa flashi mpaka dukani. Laptopu yangu ex-UK haikulalamika.

Na manze, ni tamu. Unavuta kitufe unakiweka kwa fomu. Upande wa kushoto unabadilisha maandishi yake yasome "Hifadhi Deni". Unakibofya mara mbili na IDE inakuandikia mwanzo wa msimbo, wewe unajaza katikati tu. Jioni moja nilikuwa na fomu ya wateja, fomu ya stoki, na jedwali zuri la madeni. Data nikaiweka kwa SQLite, ambayo ni faili moja tu kwenye diski. Nikajaribu: andika deni, funga programu, fungua tena. Deni lipo. Nikajaribu mara kumi. Lipo.

Nikaipeleka Kitale. Na hapa ndipo nilipokosea zaidi. Nilimwambia, "Shangazi, daftari weka kando sasa." Akaniangalia kwa muda, halafu akaliweka chini ya kaunta.

Wiki ya pili, siku ya mvua kubwa, duka lilijaa tangu asubuhi. Saa tisa mchana stima zikapotea. Kompyuta haina UPS, kwa hivyo ilizima papo hapo. Stima ziliporudi jioni, shangazi akafungua programu. Madeni ya jana yalikuwepo. Ya siku hiyo hakukuwa na hata moja.

Alinipigia simu akiwa mtulivu, na hiyo ndiyo iliniogopesha. "Kijana wangu, watu wa leo wako wapi?"

Nilikaa na msimbo mpaka usiku wa manane. Kosa lilikuwa langu. Kwa Lazarus, ukitumia vifaa vyake vya hifadhidata, kuhifadhi kuna hatua tatu. Post inaweka mabadiliko kwa kumbukumbu ya programu tu. ApplyUpdates inayapeleka kwa hifadhidata. Commit ndiyo inafunga muamala, na kabla yake hakuna kilichothibitishwa. Fikiria M-Pesa: unaweza kujaza namba na kiasi vizuri kabisa, lakini kabla hujaweka PIN pesa haijaenda popote. Kitufe changu cha "Hifadhi Deni" kilikuwa kinafanya Post peke yake. Zile hatua mbili nilikuwa nimeziweka kwa tukio la kufunga dirisha.

Ndiyo maana majaribio yangu yalipita yote. Mimi kila mara nilifunga programu kwa adabu. Stima hazina adabu.

Shangazi alikumbuka majina kumi na manne. Akapita kwa watu mmoja mmoja. Wengi walikubali. Mzee mmoja alikuja mwenyewe kesho yake asubuhi, kabla hajaulizwa, akasema, "Mama, mimi nilichukua mifuko miwili na mbegu, angalia kama uliandika." Wengine wakasema hawakumbuki vizuri. Kuna ambao mpaka leo wakipita mbele ya duka wanaangalia upande ule mwingine. Ukilinganisha na stoki, kuna mifuko sita ya mbolea ambayo hatujui ilienda shamba la nani. Nimelipa sehemu yake kutoka kwa pesa zangu za kuediti video. Sijamaliza.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari miwili. Sasa kila deni likihifadhiwa, ApplyUpdates na CommitRetaining zinafuata hapo hapo, ili muamala ufungwe bila orodha kutoweka kwa skrini. Siku hizi najaribu programu kwa kung'oa waya wa kompyuta ukutani katikati ya kazi. Pia kila jioni programu inanakili faili ya data kwa flashi.

Kwa hivyo wasee, maoni yangu ni haya. Usimcheke mtu anayejenga deskitopu, kwanza uliza anamjengea nani na huko kuna nini. Na kama unatumia IDE, furahia kubofya mara mbili, mimi bado nafurahia. Lakini kile kitufe kinaweza kuonekana kizuri na kifanye nusu ya kazi, na IDE haitakuambia, kwa sababu msimbo wako hauna kosa la sarufi. Fuatilia data yako mpaka ifike kwa diski. Na usimwambie mtu aweke daftari kando kwa sababu programu imepita mtihani uliojitungia mwenyewe.

Nilipompelekea toleo jipya shangazi alilikubali, na analitumia kila siku. Jumla ya mwisho wa mwezi inampendeza, hahesabu tena kwa vidole. Lakini daftari limerudi juu ya kaunta, kalamu imefungwa kwa uzi. Nilipoliangalia akaniambia, "Hili halijawahi kuzimika." Sikubishana naye.

Wewe je, umewahi kumpa mtu programu ikamharibia kazi? Niambie hapo chini, na usijifanye haijawahi kutokea.